Servisi ya Gari la Porini Haianzi kwenye Injini

Ukitoka gereji mjini, aghalabu utabandikiwa karatasi ndogo kwenye kona ya kioo: tarehe ya leo, kilomita za leo, na kilomita za kurudi, ambazo mara nyingi ni 5,000 mbele. Kwa gari linaloamkia Mbezi na kulala Mbezi, karatasi hiyo inatosha. Kwa Land Cruiser inayotoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ziwa Natron, au ile ya mradi inayozunguka vijiji vya Katavi masika na kiangazi, karatasi hiyo inatoa nusu ya habari, tena nusu ndogo. Imehesabu umbali tu. Haijui habu zimezama mtoni mara ngapi, wala vumbi lililomezwa njiani, wala namna springi zilivyopigwa.

Gari la porini mara chache hufa kwa oili ya injini, kwa sababu oili ya injini ndiyo kitu ambacho kila mtu anakikumbuka. Linauawa na vile ambavyo hakuna anayevifungua: difu, habu, krosi za propela, vipumulio, eya klina iliyofungwa ovyo. Kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa. Oili ya injini badilisha pamoja na filta yake kila kilomita 5,000, mapema zaidi kama gari linashinda kwenye vumbi au linatambaa kutwa kwa gia nzito, na hapo nimeshamaliza habari yake.

Nazungumzia hasa Land Cruiser za familia ya 70, zile ambazo wengi Tanzania tunaziita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda kando ya kioo. Familia hiyo ilianza mwaka 1984, na injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, mitungi sita, bila tabo, ikaingia mwaka 1990. Ndiyo iliyojaa kwenye magari ya misheni, ya miradi ya maji na ya watalii, yakiwemo yale yanayorefushwa kwenye karakana za Arusha. Mwenye Patrol atajikuta humu karibu kila mahali. Mwenye Hilux ya siku hizi aruke sehemu ya ekseli ya mbele, maana yake imejengwa vingine.

Tuanze na vumbi. Watu wengi wanaamini mkonga umewekwa kwa ajili ya kuvuka maji. Kazi yake ya kila siku ni vumbi: hewa ya juu ya paa ina vumbi kidogo kuliko hewa iliyo nyuma ya tairi. Kwa maji hausaidii kitu kama viungio vyake vimelegea, na vingi vimelegea, kwa sababu fundi aliyefungua bomba mara ya mwisho alirudisha klipu tatu kati ya nne. Kagua kila kiungio kutoka juu hadi kwenye injini. Kisha fungua eya klina, utoe filta, upitishe kitambaa cheupe safi ndani ya bomba linalotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini. Upande huo unapaswa kuwa msafi kabisa. Ukikuta vumbi, hata jembamba kama poda, vumbi linapita, nalo husaga ringi na kuta za silinda kimyakimya mpaka siku injini itakapoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Wakati huo mwenye gari atalaumu oili.

Filta yenyewe ya karatasi haipigwi chini wala haigongwi kwenye tairi, ingawa ndivyo inavyofanyika kila siku. Ukiigonga unapinda ukingo wake wa mpira, na filta iliyopinda haizibi. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kutoka nje kwenda ndani, kisha iweke mbele ya taa au jua na utazame kwa ndani: ukiona tundu la mwanga, hata la ukubwa wa sindano, itupe. Usiipulize mara nyingi. Kila upulizaji unalegeza karatasi. Chini ya kopo la eya klina za aina nyingi kuna kimpira kidogo chenye mdomo uliobana, ambacho hutema vumbi na maji. Kibonyeze kwa vidole kila asubuhi ukiwa safarini. Kikipasuka au kikipotea, eya klina inavuta hewa chafu kutoka chini. Ni kimpira cha bei ndogo mno, na magari mengi yanatembea bila hicho.

Kwenye nyanda za Serengeti na chini ya milima ya Ngorongoro vumbi ni majivu ya volkano, laini kuliko la Dodoma, linaingia hata mahali ambapo mchanga haungeingia. Anayefanya kazi huko afungue eya klina kila jioni. Kilomita zisubiri.

Sasa maji, na hapa naomba utulie nami kidogo.

Ekseli ya nyuma na ya mbele zote zina difu, na kila difu ina oili iliyofungiwa. Gari likitembea, oili hiyo na hewa iliyo juu yake hupata moto. Ndiyo maana kila ekseli imewekewa kipumulio, kitundu chenye kifuniko kinachoruhusu hewa moto itoke na hewa baridi iingie. Ukifika mtoni na difu yenye moto ukaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta. Kipumulio kikiwa kizima na kimepandishwa juu kwa mpira mrefu hadi eneo la injini au nyuma ya taa, kitavuta hewa. Kikiwa kimezibwa na tope, difu itavuta kupitia kwenye sili, na kinachoingia hapo ni maji. Siku ile hutaona kitu. Miezi miwili baadaye utasikia mlio wa kuunguruma nyuma, na fundi atakuambia difu imekwisha.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, kifungue kila kipumulio, ukisafishe, ujaribu kukipuliza kwa mdomo. Kama kimekaa chini juu ya ekseli, mwambie fundi akiunganishe na mpira upande juu. Ni kazi ya saa moja. Pili, baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye habu, liache gari lilale usiku kucha mahali tambarare. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatatua chini. Asubuhi, kabla hujawasha, legeza nati ya kumwagia ya difu kidogo tu mpaka ianze kudondosha. Yakitoka matone ya maji kwanza, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote ujaze mpya. Ikitoka oili safi, kaza nati uende zako. Vivyo hivyo kwa giaboksi na transfa.

Kanuni moja ya mafundi wazee: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Nati ya kujazia ya difu hukaa miaka bila kuguswa, ikashika kutu. Ukianza kwa kumwaga, halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, umebaki na gari lisilo na oili na huna pa kuitilia. Hata hapo gereji, simama uangalie ni ipi inafunguliwa kwanza. Utamjua fundi wako.

Ekseli ya mbele ya Land Cruiser hizi ina mambo yake. Kila upande, nyuma ya gurudumu, utaona tufe la chuma laini linalong'aa, ambalo gurudumu huzungukia linapokata kona. Ndani yake mna jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku limegeuka, nayo inaishi ndani ya grisi nzito. Kati ya grisi hiyo na oili ya difu kuna sili moja tu. Sili hiyo ikichoka, oili ya difu inamiminika ndani ya tufe, grisi inageuka mchuzi mweusi, mchuzi unavuja nje na kushika vumbi, halafu unasogea kwenye beringi za gurudumu. Mwenye gari akiona tufe limelowa husema "inatoa jasho kidogo". Hilo si jasho. Kuna oili imehama nyumba: difu inapungukiwa, na grisi ya jointi imeoshwa. Na ukikata kona hadi mwisho ukasikia mlio wa kugonga tak-tak-tak, jointi yenyewe imeshaanza kulika.

Beringi za magurudumu na jointi hizo zifunguliwe, zioshwe, zikaguliwe na kupakwa grisi mpya kila kilomita 40,000 hivi. Kwa gari linalovuka mito kila wiki wakati wa masika, fanya mara masika yanapokwisha bila kujali dashibodi inasema nini. Sili zote zibadilishwe siku hiyohiyo. Kurudisha sili ya zamani kwa sababu "bado inaonekana nzuri" ni kubana senti na kumwaga shilingi.

Katikati ya vipindi hivyo, mikono yako inatosha kukuambia hali. Pandisha gurudumu kwa jeki, ukiwa umeweka mawe kwenye mengine, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za juu na chini ya lile tufe. Na kila unaposimama baada ya mwendo mrefu, pita ukigusa habu zote nne kwa mgongo wa kiganja. Joto lao liwe sawa. Ile inayokuchoma peke yake ina beringi iliyobanwa mno au breki inayoshika. Madereva wa zamani wa malori hufanya hivyo hata wakiwa wanazungumza nawe, mkono unagusa habu, mdomo unauliza bei ya mahindi.

Grisi haihitaji fundi. Nunua pampu ya mkono na kopo la grisi nzuri, uwe navyo garini. Tafuta nipo zote, vile vichuchu vya kupitishia grisi: kwenye krosi za propela ya mbele na ya nyuma, kwenye sehemu ya propela inayoteleza ikirefuka na kufupika, na kwenye pini za springi kama za gari lako zinazo. Futa kila nipo kwa kitambaa kabla ya kuweka pampu, ama sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye krosi, pampu mpaka grisi ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa kitu kimekauka, na krosi hiyo inakwenda kufa. Kwenye sehemu ya kuteleza, pampu kidogo tu, maana ukijaza kupita kiasi propela haina pa kufupikia. Fanya hivi kila unapobadilisha oili ya injini, na kila baada ya kuvuka maji mengi. Ukitoka Natron, lioshe gari chini kwanza kwa maji baridi, kwa sababu magadi ya kule yanakula chuma na nyaya, kisha tia grisi. Mashine ya presha isielekezwe kwenye sili wala kwenye krosi. Inasukuma maji pale ambapo mto ulishindwa kufika.

Barabara za changarawe zenye mawimbi madogo-madogo, mfano zile za ndani ya hifadhi, zina adhabu ya aina nyingine: zinalegeza nati. Baada ya siku ya njia hiyo, chukua spana upitie yu-bolti za springi, bolti za shokapu, nati za magurudumu, kibanio cha betri na keria ya juu. Tazama majani ya springi moja moja, hasa karibu na katikati, ambako ufa huanzia. Shokapu ikivuja oili, au mpira wake ukiwa umesagika, badilisha zote mbili za ekseli hiyo. Betri isiyobanwa vizuri inajivunja sahani za ndani yenyewe kwa kutikisika, na watu wanaishia kununua betri kila mwaka huku kibanio kikiwa kimefungwa kwa kamba ya katani.

Ukiwa huko chini, toa majani makavu yaliyonasa karibu na bomba la moshi. Kwenye mbuga zenye nyasi ndefu, magari yameungua kwa sababu hiyo tu. Mbegu za nyasi hizohizo huziba rejeta. Ioshe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili takataka zitoke zilikoingilia.

Kuhusu rejeta nina ugomvi na gereji nyingi. Injini ikipata moto, jambo la kwanza wanalofanya ni kutoa thamostati na kuitupa, wakisema nchi za joto haziihitaji. Thamostati inaiweka injini kwenye joto inalopaswa kufanyia kazi. Ukiitoa, asubuhi ya Karatu injini inatembea baridi muda mrefu, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka. Na kilichosababisha moto, iwe rejeta iliyoziba, feni iliyochoka, mkanda uliolegea au kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, bado kipo palepale. Kataa. Tia kulanti ya kweli, si maji ya bomba yaliyotiwa rangi, na ibadilishwe yote kila baada ya miaka 2.

Dizeli ya vijijini hupita kwenye mapipa na madumu, na mapipa hutoa jasho usiku. Kwenye filta ya dizeli kuna sehemu ya chini inayokusanya maji, yenye kifungulio. Kifungue kila wiki ukiwa kazini, acha yatoke mpaka ije dizeli tupu. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, simama ufanye hivyo saa hiyohiyo, kwa sababu pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe, na maji hayalainishi. Kwa injini mpya zenye presha kubwa, kama ile V8 ya dizeli iliyoingia mwaka 2007, uvumilivu ni mdogo zaidi na nozeli ni ghali zaidi. Beba filta ya akiba daima.

Breki nitazisema kwa ufupi. Fluidi ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yenye unyevu huchemka mapema. Mteremko wa kuingia bonde la Ngorongoro ni wa takriban mita 600, na gari lililojaa watu linaloteremka kwa kukanyaga breki badala ya gia ya lo litaupata udhaifu huo njiani. Badilisha fluidi kila miaka 2. Kama nyuma kuna dramu, zifunguliwe zisafishwe tope kila masika yanapokwisha. Tairi nazo: pima upepo asubuhi zikiwa baridi, na ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, rudisha kabla ya kukimbia kwenye lami. Ukibadilisha gurudumu, kaza nati tena baada ya kilomita 100.

Fowili nayo inataka kutumiwa. Kuna watu wanaoiweka kama sahani za wageni, na siku ya tope la udongo mweusi wanakuta haiingii. Walau mara moja kwa mwezi funga habu za mbele, ingiza fowili, tembea kilomita 16 hivi kwenye njia ya udongo ili oili ifike kwenye gia na sili za mbele. Usifanye hivyo kwenye lami kavu. Magurudumu hayapati nafasi ya kuteleza, na mfumo mzima unajikaza mpaka kitu kivunjike.

Yote haya yaandikwe. Daftari la shule linatosha: tarehe, kilomita, gari lilipita wapi, lilivuka maji ya kina gani, nini kilibadilishwa, spea ilitoka wapi. Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi utauziwa beringi mbili zenye boksi linalofanana, moja ya kweli, moja ya miezi mitatu. Daftari litakukumbusha duka gani lilikupa ipi. Madereva wakiwa zaidi ya mmoja, daftari ndilo linalozuia kila mmoja kudhani mwenzake alishatia grisi.

Na kama umenunua gari lililotumika na mwenyewe hana kumbukumbu yoyote, usiulize, usikisie. Mwaga oili zote, kuanzia injini, giaboksi, transfa hadi difu mbili, badilisha kulanti na fluidi ya breki, fungua habu zote, kisha anza kuhesabu kutoka sifuri. Kwa 1HZ kuna nyongeza moja ya lazima: taimingi belti. Inapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu hukutana na pistoni. Taa yake kwenye dashibodi isikudanganye, maana inaweza kuzimwa bila belti kuguswa. Belti isiyo na kumbukumbu ihesabu kuwa imekwisha, ibadilishwe pamoja na puli yake ya kukazia, kabla gari hilo halijavuka mpaka wa lami.